Bibi wa mstari wa 31: nilivyomtafuta kwa sensa, hati za ardhi na daftari za ndoa (uzi mrefu)

#1 Kilembwe (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, atatukuta.

Mume wangu ni Mmarekani mweusi, watu wao asili yao Virginia. Mama mkwe kashapita themanini, na tangu nimjue ana swali moja tu: "Kabla ya vita sisi tulikuwa wana wa nani?" Vita anayoisema ni ile ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Watoto wake wa kuwazaa wanamwitikia "ndiyo mama" halafu wanabadilisha mazungumzo. Basi mkaza mwana nikajitwika.

Nilianza na walio hai nikarudi nyuma, sensa moja baada ya nyingine. Marekani wanahesabu watu kila miaka kumi tangu 1790, na karatasi zenye majina hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ndiyo maana ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Kutoka 1950 mpaka 1900 nilitembea kwenye lami. Ya 1890 haipo, karibu yote iliharibika kwa moto uliowaka Washington Januari 1921, kwa hiyo unaruka kutoka 1900 hadi 1880 na katikati unabaki na shimo la miaka ishirini. Nikaruka, nikatua 1880, nikafika 1870.

Hapo ndipo lami ilipoishia. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Zile za 1850 na 1860 zilikuwa na daftari la pekee la watumwa: jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi. Mtu mmoja mstari mmoja, jina hakuna, ila sehemu chache mno. Watafiti wa nasaba za Wamarekani weusi wanauita mwaka 1870 ukuta.

Sasa tazameni ukurasa wangu. Una mistari 40. Mstari wa 24 yuko mzee J., miaka 52, mkulima. Wa 25 mkewe M., 47. Wa 26 hadi wa 30 watoto watano. Halafu mstari wa 31, ndani ya kaya ileile, kuna bibi wa miaka 80, nitamwita R., mwenye jina la ukoo tofauti na wote. Hajui kusoma, hajui kuandika. Basi.

Huyu ni nani? Mama yake J.? Mama yake M.? Jirani aliyehifadhiwa? Sensa ya 1870 haikuuliza uhusiano wa mtu na mkuu wa kaya, swali hilo lilianza 1880. Na kufikia 1880 bibi hayumo tena.

Nimemtafuta miezi kumi na minne. Nitaendelea hapa chini, nikande vidole kwanza.

#2 Ndevu Moja

Nimewahi siti ya mbele, na mto nimekuja nao. Mleta mada ukitukimbia kama wenzako tutakutafuta kwa sensa.

#3 Nusu Shilingi

Mkuu mbona rahisi? Bibi wa miaka 80 kwenye nyumba ya mwanamume wa 52, huyo ni mama yake tu. Jina la ukoo litakuwa aliolewa mara ya pili. Andika, funga, lala.

#4 Kilembwe

@Nusu Shilingi, hivyo ndivyo nilivyofanya wiki ya kwanza. Nikaandika "mama yake J.", nikalala vizuri sana. Nilikosea, na kosa langu lilishanakiliwa na watu watatu kwenye matawi yao mtandaoni kabla sijaamka kulifuta. Mpaka leo liko huko linatembea.

#5 Karani Mstaafu

Dada Kilembwe, umenigusa. Mimi sensa nimeifanya kwa miguu, si ya huko, lakini karani ni karani. Ruhusu niseme jambo moja kabla hujaendelea.

Watu wakiona maandishi ya zamani wanadhani wanaongea na marehemu. Hapana. Unaongea na karani aliyesimama mlangoni saa saba mchana, jua linamchoma, akijibiwa na aliyemkuta. Anaweza kuwa mke, mtoto wa miaka kumi na miwili, au jirani. Ukurasa wa 1870 haukuambii nani alijibu. Ya 1940 ndiyo iliyoweka alama, msalaba ndani ya duara, pembeni ya jina la aliyetoa majibu. Kabla ya hapo unakisia.

Na tarehe: mwaka 1870 hesabu ilitakiwa iwe ya tarehe 1 Juni hata kama karani alifika Agosti. Mtoto aliyezaliwa Julai hakupaswa kuandikwa, na aliyefariki Julai alipaswa kuandikwa kana kwamba yupo. Makarani wengine walifuata, wengine waliandika walichokiona.

#6 Kilembwe

Shikamoo mzee Karani. Umesema kweli tupu, nikupe mfano wa M. Mwaka 1870 ana 47. Mwaka 1880 ana 53, yaani miaka kumi imepita na yeye kaongeza sita. Mwaka 1900, sensa iliyouliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, kaandikwa Machi 1821, kwa hiyo 79. Mtu mmoja, na nikikokotoa napata miaka mitatu ya kuzaliwa: 1821, 1823 na 1827. Wala hakudanganya. Alizaliwa mahali ambapo aliyekuwa na sababu ya kuandika umri wake ni yule aliyemhesabu kama mali.

Ila hiyo ya 1900 naipenda kuliko zote. Iliwauliza wanawake: umezaa watoto wangapi, walio hai wangapi? M. alijibu 11, na 5. Mimi mpaka siku hiyo nilikuwa na wanane. Nikajua kuna watatu sijawaona.

Turudi kwa bibi. Tarehe 27 Februari 1866 Virginia ilipitisha sheria ya kuwatambua kama mume na mke wale waliokuwa wakiishi pamoja utumwani, maana ndoa zao sheria ilikuwa haizijui. Maofisa wa Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali kuu iliyoundwa Machi 1865 kuwashughulikia walioachwa huru, wakapita kaunti kwa kaunti wakiandikisha. Si kaunti zote ambazo daftari lake limenusurika. Ya kwetu limo. Sikuamini macho yangu.

Daftari lile ni pana, kurasa mbili zimefunguka kama mkeka. Upande wa mume: jina, umri, alikozaliwa, anakoishi, kazi, mmiliki wa mwisho na makazi ya huyo mmiliki. Upande wa mke vilevile, ila kazi hawakuiuliza. Kisha majina ya watoto na umri wao, na mwisho kabisa tangu lini wanaishi pamoja. J. na M. walisema 1843. Watoto wanane, wale wale niliokuwa nao.

Na hapa ndipo nilipokaa chini: mmiliki wa mwisho wa J. ni mtu mmoja, mmiliki wa mwisho wa M. ni mwingine, nimwite Y. Miaka zaidi ya ishirini walikuwa mke na mume wakilala mashamba mawili tofauti.

Kwa hiyo swali la bibi likagawanyika. Kama R. alitoka shamba la J., anaelekea kuwa wa upande wa mume. Kama alitoka kwa Y., ni wa upande wa mke. Daftari halimtaji, hakuwa na mume wa kuandikishwa naye.

#7 Ndevu Moja

Mto nimeuweka pembeni. Endelea dada.

#8 Mpima Mpaka

Swali la ardhi. Nimesoma kuhusu sheria ya Homestead ya 1862, ekari 160 bure ukikaa miaka mitano, na yale majalada yana ushahidi wa majirani, umri, watoto, kila kitu. Hukuanzia huko?

#9 Kilembwe

@Mpima Mpaka, majalada hayo ni dhahabu, ila si kwa Virginia. Homestead iligawa ardhi ya serikali kuu, na Virginia ni koloni la zamani, ardhi yake iligawiwa na koloni kisha na jimbo lenyewe. Hata ile ya kusini ya 1866, iliyowalenga hasa walioachwa huru, ilihusu Alabama, Arkansas, Florida, Louisiana na Mississippi, na ilifutwa 1876. Kama ukoo wako uko Mississippi, kimbilia huko.

Virginia unatafuta hati za mauziano kwenye mahakama ya kaunti. Kuna faharasa mbili, moja ya wauzaji na moja ya wanunuzi. Wengi hutazama ya wanunuzi tu, wakishaona babu kanunua wanashangilia wanafunga. Tazama zote mbili.

J. alinunua ekari 27 na robo mwaka 1879. Aliyemuuzia ni mtoto wa Y. Yaani yule yule Y. aliyekuwa anammiliki mkewe. Nilipomwambia mama mkwe akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo tulilipa."

Mpaka wa shamba umeelezwa kwa mtindo wa kale: anzia mwaloni mweupe penye kijito, nenda kaskazini mashariki kwa pole kadhaa (pole moja ni futi 16 na nusu) mpaka kwenye jiwe, geuka, fuata mstari wa fulani mpaka kona ya H., rudi mwaloni. Mtu wa kawaida anaruka hayo. Mimi nilirudi nyuma, nikasoma tena, "kona ya H."

Rudini kwenye ukurasa wa 1870. Mstari wa 32, kaya inayofuata baada ya bibi, mkuu wa kaya ni H., miaka 44, ana watoto wawili, mke hayupo. Na jina lake la ukoo ni lile lile la bibi R. Muda wote nilikuwa namtazama bibi, jirani yake wa mstari wa chini sikumsoma.

#10 Mpima Mpaka

Aisee! Mipaka inataja majirani, na majirani ndio ndugu. Ongezea na hili kwa wanaofuatilia: mtu akiuza, mkewe naye husaini, kwa sababu sheria ilimpa haki ya sehemu ya shamba akifiwa. Majimbo mengi mke alichukuliwa kando na ofisa, mbali na mumewe, akaulizwa kama kakubali kwa hiari. Huko utampata mwanamke ambaye hati ya kununua haikumtaja kabisa.

#11 Kilembwe

Ndiko nilikompata M. Mwaka 1886 waliuza ekari mbili, na chini kuna jina lake na alama ya X. Nikaupiga picha ule msalaba nikaufanya picha ya mbele ya simu, "mkono wa M." Baadaye nikatambua kwamba vitabu vya mahakama ni nakala. Karani alikuwa anaandika upya hati yote, na ya asili anarudishiwa mnunuzi. Msalaba ule ni wa karani. Picha sijaitoa, nimezoea.

J. alifariki bila wasia. Mwaka 1904 warithi wakauza sehemu iliyobaki, na kwenye hati wametajwa wote: mjane M., watoto na wake na waume zao, mmoja anaishi Philadelphia, na wajukuu wawili, watoto wa binti aliyekwisha fariki. Hati moja imeziba shimo lote la 1890. Nawaambia kweli, ningeambiwa nichague karatasi moja tu kwa kila ukoo, ningeacha sensa nichukue hati ya mgawanyo wa urithi.

#12 Nusu Shilingi

Haya nimekubali nilikurupuka. Lakini DNA si ingemaliza haya yote kwa mate ya kwenye kichupa?

#13 Kilembwe

Mume wangu alipima. Imetuletea binamu wa mbali mia na kitu, nusu hawajibu ujumbe. DNA inakuambia mna damu moja, haikuambii bibi yupi aliwaunganisha, hiyo unarudi kwenye karatasi. Ila mmoja aliyejibu ni wa uzao wa H., na hilo lilinipa nguvu.

Sasa ndoa. H. mwaka 1870 hana mke. Nikaingia daftari la ndoa la kaunti. Virginia tangu 1853 daftari la ndoa linaandika majina ya wazazi wa pande zote mbili, jambo ambalo majimbo mengi hayakulifanya. J. na M. hawangekuwemo, ndoa yao ilikuwa ya utumwani. Ila H. alioa tena 1871, ameandikwa "mgane", umri 45, na mama yake: R.

Nikapiga kelele usiku, mume akadhani mwizi.

#14 Karani Mstaafu

Hongera binti. Lakini nikuzuie kidogo. Umethibitisha bibi ni mama wa H. Hujathibitisha ni mama wa M. Anaweza kuwa alikuwa anakaa kwa jirani kwa sababu mwanawe ni mgane na nyumba ndogo.

#15 Kilembwe

Mzee, umenipiga penyewe. Nilikaa na hilo miezi mitano.

Nilidhani cheti cha kifo cha M. kitamaliza. Virginia ilisimamisha kuandikisha vifo 1896 na kuanza tena 1912, na yeye alifariki 1913, nikasema Mungu mkubwa. Nikafungua. Jina la mama: "hajulikani." Aliyetoa habari ni mjukuu. Huyo mjukuu alikuwa anaishi nyumba moja naye!

Basi nikamwacha M., nikamfuata Y. Hili watu hawalipendi, na mimi sikulipenda: kumsoma aliyewamiliki kwa undani kuliko unavyowasoma wa kwako. Lakini karatasi alikuwa nazo yeye. Kwenye daftari la vizazi la kaunti, lililoanza 1853, watoto wa watumwa waliandikwa kwa jina la mmiliki. Mwaka 1856, chini ya Y., kuna mtoto wa kike, mama yake ni M. Mtoto huyo hayumo kwenye orodha ya 1866. Mmoja wa wale watatu nikawa nimempata.

Kisha nikatafuta wasia wa baba yake Y. Faharasa za wasia zina majina ya wenye mali tu, waliorithishwa kama mali hawamo. Kilichonisaidia ni utafutaji mpya wa FamilySearch, tovuti ya nasaba, ambapo mashine imesoma mwandiko wa mkono wa vitabu vya ardhi na mirathi, unaandika neno lolote na linatafutwa ndani ya maandishi yenyewe. Nikaandika jina la Y., la M. na la H. pamoja.

Wasia ni wa 1829. Mzee anamwachia mwanawe Y. kitanda, farasi, na R. na watoto wake M. na H., pamoja na uzao wao wa baadaye. Hilo neno la uzao ndilo walilotumia hata kwa mifugo.

M. mwaka 1829 angekuwa na miaka miwili hadi minane, kutegemea unaamini sensa ipi, H. mitatu. R. thelathini na tisa, kama ile 80 ya 1870 ni ya kweli.

#16 Msomaji Kimya

Miaka saba nasoma jukwaa hili sijawahi kuandika. Hapa kwenye "kitanda, farasi, na R." nimeshindwa.

#17 Nusu Shilingi

Swali la nia njema: R., M. na H. hayawezi kuwa majina ya kawaida tu, ikawa ni familia nyingine?

#18 Kilembwe

Swali zuri. Jina moja peke yake ningekataa. Hapa ni majina matatu pamoja, kwenye wasia wa baba wa mmiliki aliyetajwa na M. mwenyewe 1866. H. naye yumo kwenye daftari la 1866 na mke wake wa kwanza, mmiliki wa mwisho ni Y. vilevile. Mashamba yamepakana. Nyumba zimefuatana kwenye sensa. Mama wa H. ameandikwa 1871. Daftari la watumwa la 1860 chini ya Y. lina mwanamke wa miaka 70 asiye na jina. Hilo silihesabu kama ushahidi, linakubaliana tu. Atakayeniletea karatasi inayopinga nitamshukuru na nitafuta.

Na jina la ukoo, kwa waliouliza inbox: si la Y. wala la baba yake. Watu hudhani kila aliyeachwa huru alichukua jina la mmiliki wa mwisho. Wengine walichukua, wengine walikuwa na majina yao tangu zamani ambayo mmiliki hakujishughulisha kuyaandika. Ukimtafuta mmiliki kwa jina la ukoo wa babu yako pekee utazunguka sana.

#19 Karani Mstaafu

Sasa nimeridhika. Weka alama ya "imethibitishwa kwa ushahidi wa mazingira" na orodha ya karatasi zote, ili atakayenakili asinakili hitimisho tu.

#20 Kilembwe

Nimeweka mzee, karatasi tisa, kila moja na ukurasa wake.

Jumapili nilimsomea mama mkwe wasia kwa simu. Nilitaka niruke kitanda na farasi, akaniambia nisiruke. Halafu akaomba nimchapishie ule ukurasa wa 1870, mkubwa, wa kuweka kwenye fremu. Nikamuuliza kama nikate mstari wa 31 peke yake uonekane vizuri. Akasema hapana, anautaka mzima wenye mistari yote 40.

#21 Ndevu Moja

Duka la fremu watashangaa. Chukua ile pana.